Vidonge Badala ya Mapumziko



Katika karatasi hii ya Chama tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba na saa za kazi, na hivyo ndivyo inavyopasa. Leo naomba nafasi niseme juu ya dawa. Najua wako watakaouliza, dawa na Chama wapi na wapi? Wasiwe na haraka. Maneno yangu ni haya: dawa nyingi tunazopewa sisi watu wa kazi hatupewi kwa sababu ya ugonjwa, twapewa ili turudi kazini upesi. Na dawa hizo zisizo na lazima haziishii matumboni mwetu. Hutoka, huingia ardhini na majini, na safari yake huishia mtoni.

Sisi wa Malaba tunakaa juu ya mto wenyewe. Treni ya mizigo ikitoka Naivasha na makontena yake hupita Nakuru, Eldoret na Bungoma, hufika kwetu, halafu huvuka mto na kuingia Uganda kwenda Tororo. Mto huo hushuka kutoka mlima Elgon. Huko juu huitwa Lwakhakha, hapa huitwa Malaba, na ukisha kuingia Uganda hukutana na mto Mpologoma, maji yake yakafika Ziwa Kyoga na Nile. Wenzetu wa Busia, ambako reli haifiki, wana mto Sio unaomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Basi uchafu wetu hauna pasipoti. Afisa wa forodha husimamisha lori na kulifungua, lakini maji hupita mbele yake wala hayaulizwi neno.

Kwanza nieleze namna dawa inavyofika majini, maana wengi hudhani kidonge kikimezwa kimekwisha. Sivyo. Mwili huitumia dawa, kisha huitoa. Nyingine huvunjwavunjwa na ini kabla ya kutoka, nyingine hutoka karibu nzima. Amoksilini, ile kapsuli tunayoijua sote, zaidi ya nusu yake hutoka katika mkojo ikiwa dawa bado. Metformini wanayokunywa wagonjwa wa sukari haivunjwi mwilini. Iliyoingia ndiyo inayotoka. Mkojo huenda chooni. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo, na kisima hakiko mbali. Mvua za Aprili zikija, maji ya chini ya ardhi hupanda, na shimo na kisima huanza kusalimiana. Hata penye mabomba ya maji machafu hatari ipo, kwa kuwa mabwawa ya kusafishia maji hayo yalijengwa kwa ajili ya uchafu wa kawaida. Hakuna aliyeyajenga akifikiria vidonge.

Haya si maneno ya barazani. Wataalamu wa Kenya wakishirikiana na wa Ubelgiji walipima maji ya mto Nairobi na kutoa taarifa mwaka 2012, na mwaka 2016 wakatoa nyingine juu ya Nairobi na Kisumu. Walikuta dawa za maumivu, dawa za kuua vijidudu kama sulfamethoksazoli, na dawa za kupunguza makali ya Ukimwi. Huko Kisumu walizikuta hata katika visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo. Mwaka 2020 ikatangazwa taarifa juu ya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Nako zilikutwa sulfamethoksazoli, karbamazepini ambayo ni dawa ya kifafa, na nyinginezo. Mwaka 2022 ukatoka uchunguzi mkubwa uliopima mito 258 katika nchi 104. Maji mabaya kuliko yote yalikuwa ya Lahore katika Pakistan, La Paz katika Bolivia, na Addis Ababa, jirani zetu. Angalieni neno hili. Nchi tajiri ndizo zinunuazo dawa nyingi, lakini hazikuongoza kwa maji machafu. Walioongoza ni watu wa namna yetu, ambao dawa zimewafikia kabla ya mabomba.

Hapa nisimame kidogo, kwa maana jambo hili laweza kueleweka vibaya. Ndugu anayekunywa dawa za Ukimwi, za kifua kikuu, za shinikizo la damu, za sukari au za kifafa, aendelee kama alivyoagizwa na asipunguze hata kidonge kimoja. Dawa za Ukimwi zilizokutwa mtoni ni alama ya watu walio hai ambao miaka thelathini iliyopita wangekuwa makaburini. Kwa dawa hizo, mto utaokolewa kwa vyoo bora na mabomba, na hiyo ni kazi ya Kaunti na Serikali, si mzigo wa mgonjwa. Mimi nasema juu ya kidonge ambacho hakikuwa na kazi tangu siku kilipoandikwa.

Mtu akiuliza, kidonge kidogo kitadhuru nini mto mkubwa, na asikilize habari ya tumbusi. Katika India, Pakistan na Nepal walikuwako ndege hawa wala mizoga kwa mamilioni. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kufa. Katika India, tumbusi mgongo-mweupe walipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Watu walitafuta sababu, wengine wakadhani ni maradhi mapya. Mwaka 2004 wataalamu waliokuwa Pakistan wakatangaza kwamba ni diklofenaki. Ndiyo, hiyo hiyo diklofenaki ya migongo yetu. Wafugaji waliwapa ng'ombe wenye maumivu. Ng'ombe akifa kabla dawa haijamtoka mwilini, tumbusi hula mzoga, figo zake huharibika naye hufa. Mizoga ikakosa wa kuisafisha, mbwa wa mitaani wakaipata wao. Mwaka 2006 nchi hizo tatu zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Ikatafutwa dawa nyingine ya maumivu isiyowaua tumbusi, meloksikamu, na ng'ombe wakaendelea kutibiwa.

Napenda habari hii kwa sababu hakuna aliyesema ng'ombe wa Wahindi waachwe na maumivu yao. Kilichobadilika ni dawa iliyoandikwa, basi. Huko Stockholm, Uswidi, madaktari wana orodha ya dawa zinazopendekezwa, na katika kuipanga huangalia pia madhara ya dawa majini. Dawa mbili zikilingana kwa nguvu na usalama, wao huchagua ile isiyodhuru maji. Hiyo ni kazi ya kalamu tu. Haihitaji mtambo wala mkopo wa Benki ya Dunia.

Sasa nije kwetu relini. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mkandarasi mmoja wa matengenezo ya njia, ambaye sitamtaja. Tulikuwa tukibadilisha mataruma ya chuma. Kazi ya watu wanne tulifanya wawili, maana genge lilikuwa limepunguzwa ili hesabu za mkandarasi zipendeze. Siku ya tatu mgongo ukakataa kunyooka. Nikapelekwa katika zahanati aliyopatana nayo. Bwana yule hakuniambia hata niiname aone. Aliuliza jina na namba ya kazi, akaandika. Nilitoka na mfuko wa vidonge vya diklofenaki, vidonge vya kulinda tumbo lisiumizwe na diklofenaki, vitamini, na antibiotiki. Antibiotiki ya mgongo! Sijui ni vijidudu gani hivyo vilivyobeba taruma pamoja nami. Nilipoomba siku mbili za kupumzika alisema hana amri ya kutoa ruhusa ila kwa mtu wa kulazwa. Kesho yake saa moja nilikuwa kwenye njia, nimemeza vidonge, sisikii maumivu, nanyanyua tena.

Nimewauliza wenzangu wa Malaba, na wengi wana habari kama hiyo. Mpanga mabehewa anayeruka juu na chini usiku kucha, magoti yakivimba hupewa vidonge. Fundi wa karakana mwenye kikohozi cha vumbi na moshi wa dizeli hupewa antibiotiki, kisha ya pili iliyo kali kuliko ya kwanza, wala hakuna anayeuliza habari ya barakoa. Dada zetu makarani wanaokesha mbele ya kompyuta huumwa vichwa, hupewa vidonge. Hesabu yake si ngumu kuijua. Pakiti ya vidonge ni fedha kidogo sana, na siku mbili za mapumziko ni mshahara wa siku mbili na mtu wa kushika nafasi. Mwajiri ananunua kilicho rahisi, na gharama iliyobaki inalipwa na figo zetu na mto.

Mgongo uliochoshwa na kunyanyua, dawa yake kubwa ni siku kadhaa bila kubeba, kutembeatembea pasipo kulala kitandani kutwa, na kurudi kwa kazi nyepesi. Kidonge cha maumivu chaweza kusaidia siku chache za mwanzo, sikikatai. Lakini kidonge kikiwekwa mahali pa mapumziko, mtu atakinywa mwezi, atakinywa mwaka, na kila siku anayokinywa kitatoka na kwenda chooni.

Sheria iko upande wetu, nasi hatuitumii. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini anayo haki ya ruhusa ya ugonjwa, siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, akiwa na cheti cha daktari. Huo ni mpaka wa chini kabisa. Mapatano ya Chama yanaweza kupita hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumuumiza. Yasema pia mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawemo. Wangapi kati yetu wanawajua wajumbe wa kamati yao? Kamati nyingi huzungumza kofia na buti. Ni vizuri, lakini iulizwe pia: mwezi huu watu wangapi wamekwenda zahanati kwa ajili ya mgongo, na wangapi wamepewa ruhusa? Zikipatikana hesabu hizo mbili zikawekwa mezani, mwajiri mwenyewe ataona kasoro bila kupigiwa kelele.

Tuangalie na homa. Katika Busia malaria ni ya mwaka mzima, na mtu akisikia baridi mwilini huenda kwa kemisti moja kwa moja akaomba dawa ya malaria. Zamani hata hospitali zilifanya hivyo, kila homa ni malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba mtu apimwe kwanza. Kipimo cha kuchoma kidole huchukua kama dakika ishirini, muda mfupi kuliko treni inavyosubiri kupewa njia Malaba. Asiyekuwa na malaria akinywa dawa ya malaria amepata hasara mara tatu: ugonjwa wake wa kweli haujatibiwa, fedha zimekwenda, na dawa imetoka mwilini bila kufanya kazi yoyote. Lakini zahanati za kazini zisizo na subira huandika dawa ya malaria pamoja na antibiotiki, mtego wa pande mbili, kwamba moja itashika. Nasema huo si uganga, ni kurusha mawe gizani.

Juu ya antibiotiki kuna jambo kubwa zaidi ya uchafu. Vijidudu vikikutana na dawa kidogo kidogo, mwilini au majini, vile dhaifu hufa, vile sugu hubaki na kuzaana. Ilihesabiwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa vijidudu vilivyokuwa sugu kwa dawa, na sehemu yetu ya Afrika iliumia kuliko nyingi. Tangu mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani limegawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa tahadhari, na za akiba. Amoksilini imo katika kundi la kwanza. Siprofloksasini imo katika la tahadhari. Nazo hazifanani hata zikiwa nje ya mwili, kwa kuwa amoksilini huvunjika upesi majini, bali siprofloksasini hushikamana na matope ya mtoni ikakaa humo. Kwa hiyo daktari anayeandika siprofloksasini mahali ambapo amoksilini ingetosha, au ambapo hapakuhitajiwa kitu, anaharibu silaha ya kesho na matope ya leo. Mwezi wa Septemba 2024, katika Umoja wa Mataifa huko New York, nchi zilikubaliana kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa kwa binadamu duniani iwe ya lile kundi la kwanza. Makubaliano ya New York ni mazuri. Sasa yafike Busia.

Na Busia na Malaba kazi ipo. Barabara kuu imejaa maduka ya dawa, upande huu na upande ule. Sheria yetu inataka antibiotiki itolewe kwa cheti cha daktari. Lakini simama pale jioni moja usikilize. Dereva wa lori aliyechoka na foleni anaomba vidonge vinne vya antibiotiki, vinne tu, kwa kuwa ndivyo fedha yake inavyotosha. Anapewa. Akivuka mpaka na homa yake haijapoa, ananunua vingine vya namna nyingine huko Uganda. Simlaumu dereva peke yake. Mtu asiye na siku ya kupumzika hununua anachokiona. Wafugaji wa nguruwe na kuku nao, ambao ni wengi hapa na baadhi yao ni sisi wenyewe, hununua oksitetrasaiklini sokoni na kumchoma mnyama bila kumwita mtu wa mifugo. Samadi inakwenda shambani, mvua inaipeleka mtoni. Hilo lataka makala yake lenyewe.

Tukiwasema waganga, tujiseme na sisi pia. Iko tabia kati yetu ya kumhukumu daktari kwa wingi wa dawa. Akikupima vizuri, akakuambia hii ni mafua, unywe maji, upumzike, itakwisha kwa siku saba, unatoka umenuna, wasema, daktari gani huyu hana hata sindano! Kesho waenda kwa mwingine anayejua unachotaka. Daktari naye ni mtu. Akiona wagonjwa wanamkimbia ataandika, maana kuandika ni dakika moja na kueleza ni dakika kumi. Basi tukiingia tumuulize maneno machache: Bwana daktari, nina ugonjwa gani? Dawa hii ni ya nini? Nisipoinywa itakuwaje? Kuna njia nyingine? Nitainywa siku ngapi? Mtu anayeuliza hivyo kwa heshima hajamvunjia daktari heshima. Fundi hubadilisha kipuri baada ya kujua kilichovunjika, na mwili hauna thamani ndogo kuliko injini.

Nimekwisha kusikia pingamizi moja yenye nguvu, nami sitaipita kimya. Mwenzangu mmoja, baba wa watoto watano, aliniambia: "Wewe wasema dawa zipunguzwe, na mimi nikimpeleka mtoto dispensari ya Serikali naambiwa dawa hakuna, kanunue!" Ni kweli. Watu wetu wengi shida yao ni kukosa dawa, si kuwa nazo nyingi. Lakini mambo haya mawili ni ndugu. Dispensari inayotoa dawa ya malaria kwa kila homa humaliza sanduku mwezi haujafika nusu, na mtoto mwenye malaria ya kweli akija wiki ya tatu hulikuta tupu. Tena fedha ni zetu. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mwenye shilingi 30,000 anatoa 825 kila mwezi. Kila pakiti isiyo na kazi inayolipwa katika fungu hilo imeondolewa mdomoni mwa mgonjwa mwingine. Sidai dawa ziwe chache. Nadai zimfikie anayezihitaji.

Kisha kuna zile zilizobaki. Fungua kabati la nyumba yoyote katika landhi utakuta mkebe wa vidonge: nusu dozi ya huyu, dawa ya macho ya yule, chupa ya mtoto ambaye sasa anakwenda shule. Zikichakaa hutupwa chooni, au jalalani ambako watoto wanaokota, au huchomwa nyuma ya nyumba pamoja na mifuko ya plastiki. Yote ni mabaya. Chooni ni njia ya kisima. Moto wa jalala nao ni mdogo. Dawa huhitaji tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 850, na hilo ni tanuri la hospitali, si la mama watoto. Lililo sawa ni kuzirudisha kwa mwenye duka la dawa au hospitalini, zikusanywe na kuharibiwa pamoja na takataka za hospitali. Na kwa wanaopaka diklofenaki ya mafuta, jueni kwamba ngozi hunyonya sehemu ndogo tu ya dawa hiyo. Ukimaliza kupaka, jifute mikono kwa karatasi na kuitupa, ndipo unawe. Usioge papo hapo, maana utaioshea mtoni dawa uliyoinunua kwa ajili ya goti.

Nimemwambia katibu wa tawi kwamba nitalileta jambo hili katika mkutano. Nitaomba mapatano yajayo na waajiri yataje kazi nyepesi kwa mtu aliyeumia mgongo au viungo, kwa siku zitakazoandikwa na daktari, bila kupunguziwa mshahara. Nitaomba zahanati zinazolipwa na waajiri zipime malaria kabla ya kutoa dawa, na mganga awe na uhuru wa kuandika ruhusa kama anavyoandika vidonge. Nitaomba liwekwe sanduku lenye kufuli katika zahanati za kazini, Malaba kwanza, la kurudishia dawa zilizobaki, na mwajiri alipie kuzipeleka kwenye tanuri. Gharama yake ni ndogo kuliko ile ya kupaka rangi ofisi ya meneja, ambayo nimeiona ikipakwa mara mbili. Wako watakaosema Chama kina mambo makubwa zaidi. Nawaomba waniambie ni jambo gani la mshahara au saa za kazi lisilopita katika mgongo wa mtu.

Hata hivyo maneno matupu mkutanoni huchosha. Basi nawaomba wanachama wa Malaba, na wenzetu wa Busia watakaoweza kupanda matatu kuja, kila mmoja siku ya mkutano alete mkebe wake wa nyumbani. Zile dawa unazotumia sasa ziache nyumbani. Lete zile zilizobaki, zilizopita siku, na zile ambazo hata hukumbuki ulipewa kwa ugonjwa gani. Tutazimwaga juu ya meza na kuzihesabu mbele ya wote, na katibu ataandika aina na idadi. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa waajiri pamoja na hesabu ya siku za ruhusa tulizopewa mwaka huu. Mkutano ukisha, vidonge vyenyewe nitavichukua mimi na mwenzangu mmoja tuvipeleke hospitalini.

Mwanachama, Malaba